Nestor wa Bariere na Hadithi Isiyo na Hukumu

"Kabla Noeli ingine haijafika," Nestor alitangaza, "jina langu litapigwa na mashini kule Bukavu, herufi kubwa kama za Biblia, na padri atalisoma bila miwani!"

Alisema hayo mbele ya kanisa la Nyabiondo, Noeli ya mwaka 1954, misa imekwisha na watu wanapanga nani atakunywa kwa nani. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujua juu ya Nestor: alikuwa na majibu mengi kuliko maswali aliyoulizwa. Tena alikuwa amepanda juu ya jiwe ambalo mkatekista hulitumia kutangazia ndoa, kwa hiyo wengi walidhani anatafuta mwanamke wa pili, na mke wake Athanasie, aliyekuwa amesimama palepale na sufuria ya wali kichwani, akaangaliwa na kanisa zima.

"Musiniangalie mimi," Athanasie alisema. "Iko kitabu. Angalau mwanamuke wa pili angenisaidia kuteka maji."

Kitabu chenyewe kilikuwapo, usidhani. Kilikuwa kaye nne, yaani daftari nne za shule zenye jalada la kijani, zimejaa mwandiko mpaka pembeni. Jina lake lilikuwa Mutoto wa Oso, kwa sababu kinaanza kando ya mto Oso, na watu wa ndani yake hawakauki mpaka ukurasa wa mwisho.

Na mwandishi naye alipata muda wa kuandika kwa sababu ya maji. Nestor alikuwa mlinzi wa bariere ya mvua, kwenye njia inayotoka Nyabiondo kuteremka kwao Mpofi. Kazi yenyewe ilikuwa mti mrefu uliolala juu ya nguzo mbili, na kibanda cha majani. Mvua ikianza, anashusha mti, magari yanasimama. Mvua ikikoma, anangoja masaa mawili udongo ushikane, kisha anainua. Kamyo yenye mzigo ikipita kabla ya hapo inachimba mifereji ya kulaza ng'ombe, na kesho yake Evode, kapita wa njia, yaani msimamizi wake, anawatoa watu mashambani mwao kwenda kuiziba, huku wakimtukana Nestor kwa jina la babu yake.

Sasa mvua ya upande wetu haina haya. Inaweza kukaa siku tatu kama shemeji. Watu wengine huandika wanapopata wazo. Nestor aliandika mawingu yakikusanyika. Na kwa kuwa mashofere walikimbilia kibandani mwake kujikinga, aliwasomea alichoandika. Shofere aliyefungwa na mvua hana pa kwenda. Anasikiliza vizuri kuliko muumini, sababu muumini anajua misa itakwisha saa ngapi.

Msikilizaji wake mkubwa alikuwa Damascène, aliyeendesha kamyo ya mchele na mafuta ya mawese kutoka Walikale hadi Goma, na mara mbili kwa mwezi mpaka Bukavu. Ni yeye aliyechukua zile kaye, mwezi wa kwanza wa 1955, akazifikisha kwenye nyumba moja ya kuchapa vitabu. Hapo palikuwa na karani Mkongomani ambaye kazi yake ilikuwa kusoma maandiko ya Kiswahili yaliyotumwa na watu kama Nestor. Huyo ndiye aliyejibu, na barua yake ilikuja imepigwa kwa mashini, jambo ambalo Nestor aliliona kuwa dalili njema mpaka alipoisoma.

"Bwana Nestor, tumepokea maandiko yako. Tunakushukuru kwa imani yako. Tumeyasoma kwa makini. Kwa masikitiko tunakujulisha kwamba hatuwezi kuyachapa, kwa sababu hayana mwisho. Kaye zako zinakungoja hapa. Édouard, msomaji."

Nestor aliikunja barua mara tatu, akaiweka mfukoni, akamngojea Damascène kama askari anavyomngojea mtu asiyelipa kodi. Kamyo ilipotokea, siku ya jua, alishusha mti.

"Mvua haiko, Nestor!" Damascène alipiga kelele dirishani.

"Shuka. Kurasa zangu za mwisho ziko wapi?"

"Kurasa gani?"

"Wananiandikia hadithi haina mwisho. Mimi niliandika mwisho, ulinisikia nikiusoma hapa hapa. Ulivutia tumbako, sema tu, sitakupiga."

Damascène alishuka polepole, mtu wa tumbo na heshima zake.

"Mimi nabeba tani tatu ya muchele, hata punje haipotei. Nabeba mafuta. Nabeba mbuzi ya wapolisi. Nilibeba mama-mukwe wa patron, mwenye hii kamyo, mpaka Sake, akafika muzima, na nilikuwa na sababu nyingi za kumupoteza. Halafu nikuibie makaratasi? Na ile wino yako iko uchungu."

"Unajua namna gani iko uchungu?"

"Sababu ulifungua kurasa kwa kidole cha mate, kaye nne, mbele yetu sote! Midomo yako ilikuwa ya bluu kama ya maiti. Inua muti wako, mwandishi."

Safari iliyofuata Damascène alizileta zile kaye, akasimama na mikono kiunoni mpaka Nestor akague moja moja. Hakuna ukurasa uliokosekana. Nestor aliomba msamaha kwa namna yake, yaani alikasirikia mtu mwingine.

"Basi hakufika," alisema. "Huyu Édouard alilala njiani."

Alizishona kaye zote nne kwa kamba ya rafia, na juu ya ile ya mwisho akaandika kwa herufi kubwa: MWISHO UKO HUMU. USOME MPAKA CHINI. Zikarudi Bukavu.

Barua ya pili ilifika mwezi wa saba. Ilikuwa ndefu kidogo kuliko ya kwanza, na hasira yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri.

"Bwana Nestor, tumesoma mpaka chini. Baba alikwenda kuchimba mawe ya bati akakaa miaka kumi na miwili bila habari. Mjomba akamlea mtoto. Baba akarudi. Wote wawili wanasimama mbele ya baraza, kila mmoja anasema mtoto ni wake. Halafu unaandika: Ninyi mliosikia, semeni, mtoto ni wa nani? Halafu karatasi nyeupe. Bwana, sisi hatukuitwa barazani. Tafadhali tuma hukumu."

Nestor aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hakuna mtu aliyepoteza kitu. Walikuwa wameufikia mwisho wake, wakaukanyaga, wakapita wakiutafuta mbele.

Maana huko Mpofi alikokulia, hadithi ya kesi huishia hapo. Msimulizi anaileta mpaka mbele ya wazee, anawasemesha wote wawili, huyu kwa sauti yake na yule kwa sauti yake, kisha ananyamaza na kuomba kibuyu cha pombe. Kazi yake imekwisha. Wanaobaki ni wasikilizaji, na hao wanaweza kugombana mpaka kuni ziishe. Msimulizi anayetoa hukumu mwenyewe anaonekana mtu asiye na adabu, kama mwenye nyumba anayekuwekea chakula na kukimeza. Nestor alikuwa amesikia hadithi za namna hiyo utoto wake wote. Hakujua kama kuna watu duniani wanaolipa pesa ili waambiwe nani ana haki.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, ambalo hakulisema juu ya jiwe la kanisa, wala hakumwandikia mtu wa Bukavu. Mtoto wa Oso alikuwa yeye.

Baba yake, Michel, alienda kuchimba bati Nestor akiwa na miaka mitatu, akarudi na baiskeli, Nestor akiwa na kumi na mitano. Katikati ya hapo aliyemfundisha kutega, kuogelea na kusema uongo wa kiasi alikuwa Albert, kaka wa mama yake. Michel aliporudi walienda barazani kweli. Wazee wa Mpofi walizungumza wiki nzima, mvua ikaingia, mazao yakadai watu, na kesi ikaachwa pale ilipokuwa. Haikuamuliwa kamwe. Mama yake Nestor alikufa kabla ya mtu kumuuliza maoni yake.

Kwa hiyo mtu wa Bukavu alikuwa anamwomba Nestor kitu ambacho Mpofi nzima ilishindwa kukitoa.

Mwezi wa nane, mvua ikiwa adimu, alimwachia Athanasie kazi ya kuangalia mti, akapanda kamyo ya Damascène kwenda kuwauliza wenyewe. Aliwakuta wazee wake wawili wameketi kwenye kigogo kimoja nyuma ya nyumba ya Albert, wavu mrefu wa kuwindia umelala juu ya magoti yao, wanaziba matundu.

"Fundo lako linalegea," Michel alikuwa anasema.

"Linalegea sababu unavuta upande wako kama muntu anavuta mbuzi ya wizi."

"Miaka kumi na mbili nilivuta kamba ya ndoo mu shimo, sasa nije kufundishwa kamba na wewe?"

"Ya ndoo, ndiyo. Hii iko ya nyama."

Halafu wakamwona. "Mutoto wangu amefika," walisema wote wawili kwa pamoja, wakaangaliana, na kila mmoja akainamia upande wake wa wavu.

Alipewa ndizi na pondu ya majani ya muhogo, akaulizwa habari za Athanasie, za padri, za bei ya chumvi. Mwishowe alisema, "Nilikuja kuwauliza kitu."

"Uliza," Albert alisema.

"Uliza, tuko hapa," Michel alisema.

Nestor aliangalia mikono minne juu ya wavu. Alikuwa ametoka bariere na swali limenyooka kichwani, sentensi yenye nukta.

"Hii wavu," alisema, "inakula kamba ngapi?"

Wakamweleza. Walichukua muda mrefu kumweleza, na hawakukubaliana. Alipoondoka, Albert alimwekea mkononi paja la nungu lililokaushwa kwa moshi, limefungwa kwenye majani, akamwambia asimwonyeshe Michel. Njiani Michel alimfuata na baiskeli, ileile, na paja lingine la nungu.

Kurudi kwake alimwandikia Édouard barua ya kurasa mbili, akimweleza desturi: kwamba kwetu hukumu ni ya wasikilizaji, kwamba karatasi nyeupe ile si uvivu, ni mlango. Alijivunia sana neno hilo, mlango. Jibu lilikuja kwa mistari mitatu.

"Nyumba hii inauza vitabu, haiuzi kesi. Hatutaendelea na maandiko haya. Kaye zako zichukuliwe."

Baada ya hapo Nestor alipungua. Si mwili, mwili ulibaki wa kutosha, alipungua maneno. Mvua za mwezi wa tisa zilianza, mti ukashuka na kupanda, na mashofere waliokimbilia kibandani wakamkuta ameketi anaangalia maji. Wakimwomba awasomee, anasema kitabu ni kigonjwa. Kaye zilirudi, akazisukuma chini ya kitanda. Alianza tabia moja ya ajabu: akikuta mfuko wa chumvi au gunia lililopigwa maandishi ya kiwanda, analigeuza, anafunika herufi moja na kidole, anazisoma zilizobaki, anafunika nyingine, kana kwamba jina lake limejificha humo. Evode alipompitia kukagua njia alimkuta katika hali hiyo.

"Mwandishi! Nilisikia mashini ya Bukavu inatafuta jina lako. Imekosa herufi tu."

Siku nyingine Nestor angekuwa na jibu mpaka jioni. Alisema, "Njia iko sawa, kapita," akarudi kwenye gunia lake.

Aliyechoka kwanza alikuwa Athanasie. Alitandika zile barua tatu juu ya meza, akazisoma moja baada ya nyingine, kwa sauti ya masista waliomfundisha.

"Huyu muntu iko na adabu kukushinda," alisema. "Mara tatu amekukataa, mara tatu amekusoma. Mimi je? Miaka miwili unasomea mashofere wenye harufu ya mawese. Mimi njo mwenye kukupikia, na kitabu chako nilikisikia kupitia ukuta, kama muntu anayesikiliza ugomvi wa majirani."

"Ulikisikia chote?"

"Chote. Na mutoto ni wa mujomba."

"Baba aliteseka shimoni miaka kumi na mbili."

"Aliteseka. Nani alimupangusa mutoto kamasi?"

Waligombana mpaka maharage yakaungua. Nestor alikula yale maharage yaliyoungua bila kulalamika, na Athanasie aliona ndani ya uso wake kitu ambacho hakikuwapo tangu mwezi wa nane. Hakukitaja. Usidhani kwamba alipona siku hiyo. Mtu akitaka kitu chake kipigwe mashini, anataka kipigwe mashini, na mke mwenye maoni si mashini. Lakini mvua iliyofuata kaye zilitoka chini ya kitanda.

Mwezi wa kumi na moja, Ijumaa moja, mvua ilianza na jogoo wa kwanza. Kamyo ya Damascène ilitoka upande wa Masisi, ikasimama mbele ya mti. Ndani, kando ya shofere, aliketi bwana mwembamba mwenye kravati, kofia ameilaza magotini juu ya leso. Damascène alimwacha humo akakimbilia kibandani.

"Nestor, keti."

"Niko nimeketi."

"Basi shika benchi. Unajua nilikuletea nani? Anaenda ndoa ya dada yake Walikale, kesho asubuhi. Nilimuuliza njiani kazi yake. Anasoma maandiko ile bantu wanatuma Bukavu."

Nestor aliangalia kamyo kupitia mvua.

"Anaitwa Édouard," Damascène aliongeza, kwa mtu aliyekuwa ameshaelewa.

Mvua ilikoma saa tano. Masaa mawili, sheria ilisema. Saa sita na nusu bwana wa kravati alishuka, akapita juu ya matope kwa ncha za viatu, akafika kibandani.

"Bwana mlinzi, njia naiona imekauka. Niko na haraka."

Nestor alisimama. Alivaa kofia yake ya kazi, akakohoa, akatoa Kiswahili cha Bukavu, kile chenye pasi.

"Bwana, tumepokea gari yako. Tunakushukuru kwa imani yako. Tumeitazama kwa makini. Kwa masikitiko tunakujulisha kwamba hatuwezi kuipitisha."

Damascène aligeukia gurudumu la karibu akaanza kulikagua, mabega yakimtetemeka. Bwana Édouard alibaki amesimama, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwa jirani.

"Mutoto wa Oso," alisema mwishowe.

"Mpaka chini," Nestor alijibu.

Édouard aliketi kwenye benchi bila kukaribishwa, na Kiswahili cha pasi kikaanza kukunjika.

"Unazani mimi njo nachagua? Mimi nasoma tu. Anayechagua iko mwingine, na yeye hasomi. Ananiuliza: inaishaje? Ya wengine namwambia: mulevi anatubu, ao: wanaoana. Yako nikamwambia: inauliza. Akasema, rudisha."

"Na wewe uliionaje?"

Édouard aligeuza kofia yake mikononi. "Niliipeleka nyumbani. Nilimusomea bibi yangu wa ndoa, Colette. Nikasema mutoto ni wa baba. Siku mbili alinipikia bila kunisemesha. Siku ya tatu alinisemesha, njo ikawa mbaya zaidi. Mama yake alikuja kutupatanisha, akasikia habari, akachukua upande wa tatu."

Nestor alicheka. Hakutaka, kicheko kilimtoka kama chafya.

"Sasa mwisho si huo?"

"Upi?"

"Huo wa kwako nyumbani. Hadithi ilifika, Bwana Édouard. Ilifika mpaka jikoni."

"Mashini haiwezi kupiga bibi yangu," Édouard alisema, na hakuwa anatania. "Inapiga karatasi. Sikiliza. Niletee kurasa tatu. Tatu tu! Baba ao mujomba, mimi sijali, uchague. Nitaziweka mwenyewe juu ya meza ya mukubwa, na kabla ya Pasaka uko na kitabu, na jina lako juu."

Saa saba iliwadia. Nestor aliisikia ikiwadia, alikuwa amekwisha kuijua saa hiyo kwa mgongo. Hakuinuka. Kurasa tatu, mtu anasema, kama anayeomba chumvi. Na huyo mwenye kuomba yuko hapa, ana ndoa ya dada yake mbele na mti wa Nestor puani. Bariere ile ilikuwa kitu pekee duniani ambacho Nestor alikuwa na mamlaka ya kumkatalia nacho mtu, na alikaa akionja utamu wake. Dakika tano. Kumi. Kumi na tano. Édouard aliangalia saa yake, akaangalia njia, akarudi kugeuza kofia yake, maana alijua kabisa anafanyiwa nini na alijua nani alianza.

"Nestor!" sauti ya Athanasie ilitoka nyuma ya kibanda. "Jua limekausha nguo zangu, wewe ungali na mvua?"

Aliinuka akainua mti. Kamyo ilipokuwa inapita, Édouard alitoa kichwa dirishani. "Tatu tu!" alipiga kelele, na kofia yake ikaanguka kwenye matope, na Nestor aliiokota, akaipangusa kwa mkono wa shati lake, akampa.

Nestor alizijaribu zile kurasa. Hakuna atakayesema hakujaribu. Wiki nzima ya mvua aliandika kurasa tatu za kumpa baba mtoto, na zilikuwa nzuri: shimo, giza, kamba ya ndoo, mtu anayehesabu miaka kwa kumbukumbu ya sauti ya mtoto. Wiki ya pili aliandika tatu za mjomba, na zilikuwa nzuri zaidi, na hilo lilimtisha. Maana kitabu kikichapwa kitasomwa. Padri angekisoma kwa sauti Mpofi, asingekosa nafasi hiyo, na wale wawili wangekuwa mbele, kigogo kimoja. Mmoja angesimama na kuondoka. Nestor alijaribu kuandika ni yupi angeondoka na alivyotembea. Hapo ndipo kalamu ilikataa.

Alimsomea Athanasie zote sita, mezani, bila ukuta katikati.

"Ya baba iko nzuri," Athanasie alisema. "Ya mujomba iko nzuri. Sasa utawapelekea zote mbili, ao utawatupia moja na kukimbia?"

"Ningependa kuona jina langu."

"Najua."

"Herufi kubwa."

"Najua, Nestor. Nilikuwa pale, nilikuwa na sufuria."

Hakuzituma. Aliandika barua moja tu kwenda Bukavu, fupi, ya kumshukuru Bwana Édouard na kumsalimia Mama Colette. Noeli ilifika. Evode alimngoja mbele ya kanisa, karibu na lile jiwe, na sauti ya soko.

"Mwandishi! Padri anakungojea, amekwisha kuvua miwani!"

"Mwambie avae," Nestor alisema. "Haiko bado." Akaendelea kutembea, na watu walicheka, na yeye aliungua masikio mpaka nyumbani.

Mwaka wa 1956, mwezi wa saba, katikati ya vumbi, wakati mti ulikuwa umeinuliwa wiki nzima na Nestor analala mchana kama mbwa wa misheni, kamyo ya Damascène ilikuja kutoka Walikale, ikapunguza mwendo, ikasimama. Njia ilikuwa wazi. Hapakuwa na wingu mpaka Rwanda.

"Imeharibika?" Nestor aliuliza.

"Haikuharibika." Damascène alizima mashini, akashuka, akapangusa shingo. "Niko na shida na bantu wa Walikale. Nilikosea, niliwasimulia kesi yako kule gereji. Sasa kila safari wananingojea. Fundi anasema baba. Wapakizi wanasema mujomba. Wananiuliza: mutoto mwenyewe alisema nini, siku ile? Nikijibu wanasema naongopa. Juzi fundi alikataa kunikazia breki mpaka nikubali baba. Nikakubali. Muntu anataka breki."

"Na mimi nifanye nini?"

"Nataka ile yenyewe. Niibebe. Wakigombana, nafungua, nasoma."

"Sina mashini, Damascène."

"Nani alisema mashini? Mukono haiko?"

Athanasie alikuwa ametoka kusikiliza, bila kujificha safari hii. Mwandiko wake ulikuwa wa masista, umenyooka, unasomeka hata na mtu aliye juu ya kamyo inayotikisika. Aliuliza kitabu kinatakiwa lini. Damascène alisema safari ijayo, wiki tatu. Athanasie alihesabu kwa vidole, akasema wiki nne.

"Na mwisho?" Nestor aliuliza. Aliuliza polepole, akiangalia upande wa Mpofi. "Unataka niandike mwisho gani?"

"We uache kama iko," Damascène alisema. "Lakini uniachie karatasi nyeupe pale nyuma, mbili, tatu. Fundi anataka kuandika yake. Na mimi pia niko na maneno."

Nestor aliingia kibandani, akatoka amevaa kofia ya kazi, bila sababu, kwenye jua lile.

"Ni pesa ngapi?" Damascène aliuliza.

Hilo hakuwahi kulifikiri. Alimwangalia Athanasie. Athanasie aliangalia vidole vyake vya kuandikia, akataja bei.

Kitabu kizima, na kurasa tatu nyeupe nyuma: faranga sitini.